Bwana Tulia Ampeleka Binti Yake kwa Daktari

Studio ni chumba kimoja chenye pazia la buluu ukutani, taa mbili za miguu mitatu, kigoda cha kuzunguka na koti jeusi linaloning'inia nyuma ya mlango. Koti hilo limepigwa picha nyingi za pasipoti kuliko mtu yeyote mjini. Mteja akija na fulana, anavalishwa. Akiwa mwembamba, linabanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Akiwa mnene, linaachwa wazi nyuma, kwenye mshono uliofumuliwa, maana pasipoti haina mgongo.

Mwenye studio anaitwa Bwana Tulia. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kauli anayoirudia kutwa nzima: "Tulia. Kidevu juu. Hapo hapo." Anajivunia jambo moja tu, kwamba hakuna mtoto aliyewahi kumshinda. Akina mama huzipita studio za karibu na kwao wakamletea yeye vichanga vinavyolia na wakorofi wa miaka minne. Atakohoa kama mbuzi, atatikisa funguo, na mtoto akishangaa kidogo tu, picha imekwisha pigwa. Kisha humgeukia mama na kumpa mahubiri ya bure.

"Mnasema mtoto mtundu. Mtoto si mtundu. Mzazi ndiye mlegevu."

Amelisema hilo kwa miaka mingi, kwa sauti ya mtu aliyelisomea, na hakulisomea. Kosa lake ni la kazi yake. Mpiga picha anahitaji nusu sekunde ya utulivu, akiipata amemaliza, na Bwana Tulia amefika mahali pa kuamini kwamba nusu sekunde hiyo ndiyo mtoto mwenyewe. Yanayotokea mtoto akishuka kwenye kigoda hayamo kwenye picha, kwa hiyo hayapo.

Nyumbani, nyuma ya ukuta wa studio, ana binti wa miaka minane.

Ndugu wa upande wa baba wanamwita Feni. Jina alilipachika shangazi mtu, dada mkubwa wa Bwana Tulia, kwa maelezo kwamba "hata mkitoka chumbani lenyewe linazunguka". Mama yake halitumii jina hilo, lakini amechoka kulipinga. Feni akitumwa chumvi jikoni anarudi na kamba, kwa sababu njiani ameiona kamba, na kamba imempa wazo. Viatu vyake ni nadra kuwa jozi. Hujibu swali kabla halijaisha, na mara nyingi analolijibu si lile lililoulizwa. Akianza hesabu, tarakimu ya kwanza na ya pili huwa nzuri kabisa. Ya tatu huandikwa na mtoto ambaye tayari yuko dirishani.

Mtoto huyo huyo, akipewa kamera mbovu na bisibisi, hukaa sakafuni mpaka chakula kinapoa, na ukimwita hasikii. Hapo ndipo baba na shangazi walipopata ushahidi wao.

"Umeona?" shangazi husema. "Akitaka anaweza. Ni jeuri tu."

Akitaka anaweza. Hakuna maneno yaliyomgharimu mtoto huyu zaidi ya hayo mawili. Waliyasema watu waliomwona akiweza mara moja, wakajiona wamesamehewa kazi ya kufikiri kwa nini hawezi mara nyingine zote.

Shangazi alikuwa na nadharia nyingi, zote za bei nafuu. Kwanza ilikuwa sukari. Sukari ikaondolewa nyumbani, soda ikapigwa marufuku, na Feni akaendelea kuruka vile vile. Baadaye ikawa televisheni. Televisheni ilipozimwa wiki nzima, aliyeteseka ni shangazi mwenyewe. Mwisho ikawa mama.

"Wifi, usinielewe vibaya," alisema jioni moja, akiwa tayari kueleweka vibaya. "Mtoto anataka mama. Wewe kutwa unapokea simu za watu."

Mama, ambaye ni mpokezi katika ofisi ya bima, alikuwa anakata vitunguu. "Dada, simu hizo ndizo zinazolipa ada."

"Mimi nimesema tu."

"Ndiyo. Umesema tu."

Bwana Tulia hakuwa na nadharia. Alikuwa na sauti. Akiwa studio na mteja, hupiga kelele kupitia ukutani: "Wewe! Vaa viatu, funga huo mlango, mwambie mama yako alete chaja, na usije ukasahau lile kopo la maji!" Feni huvaa kiatu kimoja, kisha huitwa mjinga kwa ajili ya maagizo mengine yote.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu shuleni kuna watoto wengine wa kuvurugwa. Mwalimu wa darasa alimhamishia nyuma, karibu na mlango, ambako kila apitaye nje alikuwa kipindi kipya. Aliposhindwa kusikiliza akiwa nyuma, alitolewa nje kabisa. Yaani shule hiyo, ikiona mtoto hasikii somo, humpeleka mahali ambapo somo halisikiki. Katika muhula mmoja Feni aliijua korido kuliko mwalimu yeyote.

Karibu na likizo, mwalimu mkuu aliwaita wazazi. Ni mtu wa kuinyoosha tai kila anapotaja jina la shule yake.

"Kabla muhula haujafunguliwa, nataka kauli ya daktari," alisema. "Kama ni ugonjwa, tutajua tushike wapi. Kama si ugonjwa, basi ni jeuri, na kwa jeuri mtamtafutia shule nyingine. Hapa tuna sifa yetu."

Mama alipata miadi kwa daktari wa watoto katika hospitali kubwa, anayeshughulika na watoto wa namna hiyo. Alipomwambia mumewe, Bwana Tulia aliweka kijiko chini.

"Nimpeleke mwanangu akaandikwe kichaa?"

"Nani amesema kichaa?"

"Wataandika kitu. Daktari hawezi kukaa na kalamu asiandike. Kisha mtaa mzima utasema mimi, mimi huyu ninayewatuliza watoto wa watu, wangu amenishinda."

Hapo akawa amesema ukweli, pasipo kukusudia. Hofu yake haikuwa kwa mtoto. Ilikuwa kwa kibao kilicho juu ya mlango wa studio.

"Nisikilize, mume wangu," mama alisema. "Daktari akisema hana kitu, mwalimu mkuu atasema ni jeuri. Na jeuri ndiyo anayoifukuza. Ukishinda kwa daktari, mwanao amepoteza shule."

Hoja hiyo ni nyepesi, mtoto wa darasa la pili angeielewa. Bwana Tulia hakuielewa. Alichosikia ni neno "ukishinda".

Tangu kesho yake, mama akienda kazini, studio ilifungwa mchana kwa mazoezi. Feni aliwekwa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kidevu juu. Shangazi aliletwa awe daktari. Alivaa miwani ya kusomea na akaupokea wadhifa huo kwa uzito ambao hakuwahi kuupa kitu kingine.

"Jina lako nani, binti?"

"Shangazi, si unalijua."

"Mimi si shangazi. Mimi daktari."

"Daktari mbona umevaa ndala?"

"Kaka, unamsikia?"

"Jibu swali," Bwana Tulia alisema kutoka nyuma ya kamera, ambayo hakuihitaji, ila bila hiyo hakujua asimame wapi.

Walirudia, siku baada ya siku. Wateja waligonga mlango wakaondoka. Mtoto alifunzwa kusema "Ndiyo, Daktari" na "Hapana, Daktari", kutazama mbele, kutogusa kitu. Akimaliza aliahidiwa kamera mbovu nyingine. Mama aliambiwa na wote watatu kwamba mchana walikuwa wakipumzika. Wawili walisema hivyo kwa utulivu. Feni alisema huku akiruka kamba, naye akaonywa kwa jicho.

Chumba cha daktari kilikuwa na meza ndogo, viti vya chini, boksi la vipande vya mbao na dirisha linaloelekea maegesho ya magari. Daktari ni mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi, anayeuliza swali na kisha kunyamaza kweli mpaka ajibiwe. Alimkaribisha Feni achague pa kukaa. Feni alichagua kiti kilichokuwa katikati, akaweka mikono magotini, akainua kidevu, akatazama ukuta.

"Hujambo?"

"Sijambo, Daktari."

"Unapenda shule?"

"Ndiyo, Daktari."

Gari lilipiga honi nje. Feni hakugeuka. Mama alimtazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake pale getini. Yeye ndiye aliyekuwa amejiandaa kueleza: viatu, hesabu, korido, machozi ya kila jioni juu ya daftari. Sasa ni nani angemwamini? Muhula ulikuwa unakaribia, na mbele yake amekaa mtoto ambaye hakuna shule ingesema ana tatizo, wala daktari.

"Kama unavyomwona, Daktari," alisema Bwana Tulia, akiegemea nyuma. "Hana neno."

"Namwona," daktari alijibu. "Ila watoto wa umri huu hawakai hivi, Baba. Hata wasio na tatizo lolote hawakai hivi. Imekuwaje?"

Mtu mwenye akili ya kawaida angesema ndivyo alivyo, akaaga. Lakini Bwana Tulia alikuwa ameulizwa kuhusu ufundi wake, na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wateja wake wote. Alisogeza kiti mbele.

"Watu wanadhani ni kumwambia kaa, naye akakaa. Hapana. Huyu, siku za mwanzo, sijageuka ameshashuka. Nikabandika karatasi ukutani aitazame. Akaitazama, akaanza kuuliza nani kaikata, mkasi uko wapi. Nikaitoa. Nikafunga dirisha, nikazima redio, nikaondoa kila kitu mezani. Hapo akaanza kushika."

"Siku ya kwanza alikaa muda gani?"

"Muda wa chafya moja."

"Na alikuwa anajitahidi?"

"Sana. Anakaza mpaka midomo inatetemeka. Hata alipoangusha taa yangu hakukusudia, mguu tu ulikuwa haumtii. Jioni yake alilia mpaka akalala bila kula."

"Kwa hiyo akitaka hawezi."

"Hawezi kabisa," alisema Bwana Tulia, aliyenogewa. "Ni mimi. Siri ni kumpa jambo moja. Kidevu. Akiinua, unamwambia vizuri. Ndipo mikono. Ukimwambia mawili kwa pamoja umempoteza."

Daktari aliandika. "Na nyumbani unamwagiza hivyo hivyo, moja moja?"

Bwana Tulia alifungua mdomo. Mama alimjibia. "Nyumbani anamwagiza kupitia ukutani, Daktari. Manne manne." Kisha akamgeukia mumewe, taratibu. "Mlikuwa mnapumzika mchana?"

"Shangazi ndiye alikuwa daktari," Feni alisema. Alikuwa ameshateleza chini ya kiti, ana vipande vitatu vya mbao mkononi na kimoja kwapani. "Ila yeye alikuwa na ndala. Daktari, lile gari jekundu pale nje ni lako? Mbona taa yake moja imevunjika?"

Basi mambo yakawa hadharani. Katika robo saa, kwa majigambo matupu, mtu aliyekuja kuficha hali ya mtoto alikuwa amemweleza daktari yote aliyohitaji kuanzia kazi.

Daktari hakumcheka, na huo ulikuwa ukarimu asioustahili. Alisema kwamba mtoto kutulia kwenye chumba kigeni, mbele ya mtu mgeni, hakumwambii kitu. Wengi hutulia hapo na kuwaka wakifika nyumbani. Anachotafuta ni dalili zilizoanza utotoni, zinazodumu miezi mingi, zinazoonekana nyumbani na pia shuleni, na zinazomkwamisha mtoto kweli. Hakuna kipimo cha damu cha jambo hili. Alimpigia simu mwalimu wa darasa na kumsikiliza kwa muda mrefu. Aliagiza masikio na macho yapimwe, akauliza usingizi wake ukoje, maana mtoto asiyesikia vizuri au asiyelala vizuri naye huonekana mtundu. Alitaka waje tena, na tena.

Mwishoni alilitaja kwa jina: upungufu wa umakini unaoambatana na mhangaiko uliozidi. Si kichaa, alisema, wala si malezi mabovu, wala si sukari. Ubongo wa mtoto huyu unachelewa kuchuja. Sauti ya mwalimu na ya mlango unaofungwa kule mwisho wa korido zinamfikia kwa uzito mmoja. Anachokipenda kinamshika kupita kiasi. Asichokipenda hawezi kukishika hata akitaka. Tena mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo.

"Mjomba wa mke wangu," Bwana Tulia alisema papo hapo.

Mama anazo habari za shule mbili ambazo mumewe aliziacha utotoni, kwa makosa ya walimu wote kwa pamoja.

Matibabu hayakuwa muujiza, na kwa mtu aliyezoea kubofya na kumaliza, hilo lilikuwa tusi. Wazazi walitakiwa kuhudhuria mafunzo, yao wenyewe: agizo moja kwa wakati, ukiwa mbele ya mtoto, si nyuma ya ukuta, sifa palepale anapomaliza, ratiba ya asubuhi isiyobadilika. Bwana Tulia alikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya wazazi wengine, akafundishwa kwa wiki kadhaa jambo ambalo huwafanyia wageni kwa malipo tangu ujana wake. Alilalamika kwamba mkufunzi hana jipya. Ilikuwa kweli, na ndiyo aibu yenyewe.

Na kwa kuwa hali ya shuleni ilikuwa mbaya, daktari aliongeza dawa, kwa kiasi kidogo, ya kumeza asubuhi. Alieleza kwamba atafuatilia uzito, mapigo ya moyo, hamu ya kula na usingizi. Shangazi aliposikia, alifika siku hiyo hiyo.

"Watamlevya mtoto, awe gogo, mseme amepona."

Mama alimjibu kwa maneno ya daktari, aliyokuwa ameyahifadhi kwa ajili ya ujio huo huo. "Daktari amesema dawa ikimfanya akae kama alivyokaa ile siku ya kwanza, nimpigie simu haraka. Maana yake imezidi."

"Ile siku alikaa vizuri sana," shangazi alisema, kwa uchungu wa mwalimu ambaye kazi yake haikuthaminiwa.

Iliyobaki ni shule. Mama alienda peke yake, kwa hiari ya wote wawili. Mwalimu mkuu aliisoma barua ya daktari akitafuta neno ambalo lingemtoa yeye kwenye habari hiyo, na hakuliona. Daktari alikuwa ameandika kwamba mtoto abaki shuleni, akae mbele mbali na mlango, apewe hesabu chache chache badala ya ukurasa mzima, aruhusiwe kusimama kwa kazi yenye maana kama kugawa madaftari, na asitolewe nje.

"Kwa hiyo," mwalimu mkuu alisema, mkono ukiwa kwenye tai, "sisi ndio tunaotibiwa?"

"Kidogo, Mwalimu."

"Nikimfanyia huyu, na wengine wakitaka?"

"Watafundishika na wao."

Alikubali kwa muhula mmoja, kwa majaribio, kwa sauti ya mtu anayetoa figo. "Ulitaka kauli ya daktari," mama alimkumbusha. "Kauli ndiyo hiyo." Hakuwa na pa kutokea. Feni akarudi darasani.

Asubuhi moja, muhula ukiwa umeshika kasi, simu ya Bwana Tulia iliita akiwa na mteja kwenye kigoda, amemvalisha koti na amembana mgongoni. Ni mwalimu wa darasa. Kwa miaka mitatu simu za mwalimu huyo zilikuwa na habari za aina moja, kwa hiyo aliipokea akiwa ameshakasirika.

"Amefanya nini tena?"

"Amemaliza hesabu," mwalimu alisema.

"Amemaliza vipi?"

"Nusu ukurasa, Baba. Zote alizopewa. Mbili amekosa. Daktari alisema nikiona kitu kizuri niwaambie siku hiyo hiyo, basi ndiyo nawaambia. Sweta amesahau tena uwanjani."

Bwana Tulia alisimama na simu sikioni. Alikuwa na majibu ya kila tuhuma, mengi yake dhidi ya mwalimu mwenyewe, na hakuna hata moja lililofaa hapa.

"Mbili amekosa," alirudia.

"Nane amepata."

"Kakaa? Muda wote?"

"Hapana. Alisimama mara tatu, akagawa madaftari, akarudi. Lakini amemaliza."

Mteja alikohoa, akauliza kama anaweza kushusha kidevu. Bwana Tulia hakumsikia. Alimwomba mwalimu aseme tena, tangu mwanzo, polepole, ili amweleze mama yake mtoto sawasawa. Mwalimu alimjibu kwamba mama yake mtoto ameshapigiwa simu kabla yake, na kwamba ana wanafunzi wengine wanamsubiri.